Goti Lililotupeleka Kanga

Nyie wajukuu mnaoamka na simu na kulala na simu, leo someni mpaka mwisho, maana nimeandika mwenyewe kwa kidole kimoja na sitarudia. Bibi yenu kaaibika. Kaaibika kijijini Kanga, mchana kweupe, mbele ya wakwe. Bora mzisikie habari kwangu kabla Bi Pili hajawafikia. (Bi Pili ni jirani yangu. Kinywa chake hakina komeo.)

Asubuhi nilikuwa uani napepeta mchele. Zuhura mwenzenu yuko chumbani anajitayarisha kwenda kazini, kule kwenye hoteli ya wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe. Anaongea na simu. Mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya watu, lakini dirisha lilikuwa wazi, na masikio yangu Mungu hajayachukua bado.

Nikamsikia anasema, "Shoga yangu, nimechanganyikiwa. Goti limekwisha kabisa. Daktari kasema hasimami tena mpaka mwakani."

Mkono wangu ukasimama kwenye ungo.

"Namhurumia, lakini nitafanyaje? Siwezi kukaa na mtu asiyeweza kitu. Namtoa. Kuna mwingine nimemwona, kijana wa miaka ishirini na mbili, miguu myepesi, mikono haikosi. Huyo ndiye atakayenifaa."

Mchele wote ukaenda kwa kuku.

Kwa wasiojua: Zuhura kaposwa. Mchumba wake ni Shomari wa Kanga, mpole, na Ijumaa anacheza mpira na wenzake. Ndoa tumeiweka baada ya mfungo. Sasa niambieni, goti la kijana, daktari, kutolewa, kuchukuliwa mwingine. Nyinyi mngeelewa nini? Mimi nilielewa kwamba mjukuu niliyemlea kwa mikono hii anataka kumtupa mchumba kwa sababu kaumia. Nikajiona nimelea chui.

Mtasema, si ungemwuliza? Alikwisha panda pikipiki kaondoka. Halafu mtu mzima haulizi neno aliloliokota dirishani. Na kumpigia Shomari simu, hilo msiniambie. Mgonjwa hapigiwi simu. Mgonjwa anaendewa, ukiwa na kitu mkononi na watu nyuma yako. Ndivyo tulivyolelewa kisiwani hapa, na ndivyo nitakavyokufa.

Basi nikapika uji wa mchele wa pilipili manga, chungu kizima. Nikamwita Bi Pili, anajua kusoma dua. Nikamwita Bi Mwanaisha, yule anayekanda viungo, akaja na chupa yake ya mafuta ya nyonyo. Tukakodi bajaji, chungu nikakipakata mimi.

Hatujafika nusu ya njia, Bi Pili analia.

"Nyamaza," nikamwambia, "hajafa."

"Nalilia goti," akasema. "Kijana mzuri vile, atachutama vipi?"

Dereva wa bajaji akapunguza mwendo kwa heshima, kama kabeba jeneza.

Tukafika Kanga. Bi Tatu, mama yake Shomari, tumemkuta chini ya minazi yake anamenya mihogo. Tumepiga hodi, tumepeana salamu, tumeulizana watu wa nyumbani. Nikamshika mikono, nikamwambia, "Pole, mkwe."

"Pole ya nini?"

Nikajua anaficha. Watu huficha mambo kama hayo ndoa ikikaribia. Nikakaa mkekani, nikaweka chungu mbele yangu.

"Bi Tatu, sisi sasa ni ndugu. Usitufiche. Tumesikia goti limekwisha."

Akajishika goti lake. "Langu? Linaniuma wakati wa baridi tu."

"La mtoto, mama," akasema Bi Pili, na kilio kikaanza upya.

Bi Tatu akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kusema maneno ya mtu mzima. Nikakaza sauti, nikasema, "Mkwe, nimekuja kukuhakikishia jambo. Mjukuu wangu hatamwacha mwanao. Hata akiwa kiguru. Hata akitembea kwa mkongojo mpaka kaburini. Yeye anaweza kusema atachukua mwingine, lakini mimi nipo, na hatamchukua."

(Nilijisikia nimesema vizuri sana. Mungu anisamehe.)

Bi Tatu kisu kikamganda mkononi. "Zuhura kasema anachukua mwingine?"

Hapo nazi ikaanguka, pu, karibu na mguu wa Bi Mwanaisha. Ikafuata ya pili. Na sauti ikatoka juu:

"Bibi, mke wangu, sogea hapo usije ukapasuka kichwa nikafiwa kabla ya ndoa."

Tukainua nyuso wote. Mgonjwa wetu yuko juu ya mnazi. Kajibana na shina kwa magoti yote mawili, panga mkononi, anaangua nazi.

Wajukuu zangu, Bi Pili aliacha kulia kama mtu aliyezibwa. Bi Mwanaisha akakifunga kizibo cha chupa yake polepole. Mimi nilitazama uji.

"Mwache huyo na nazi zake," akasema Bi Tatu. Alikuwa amekwisha simama, kanga kaifunga kiunoni. "Wewe mkwe umesema neno hapa. Zuhura anamwacha mwanangu amchukue nani?"

Ningefanya nini? Neno nilikwisha litoa. Posa tuliyoihangaikia, watu tuliowaalika, vyote niliviona vinaondoka na bajaji ile. Nikasema kwa sauti ya chini, "Kijana mmoja. Miaka ishirini na mbili. Miguu myepesi, mikono haikosi."

Shomari akateremka mnazi mbio. Nikadhani anakuja kugomba. Akasimama mbele yangu, kifua kimejaa vumbi la mnazi, akauliza, "Bibi, una hakika? Mikono haikosi?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Kachelewa. Huyo kijana nimemchukua mimi jana."

Bi Pili akasema astaghfirullah. Bi Tatu akasema, "Umemchukua wapi?"

Na hapo ndipo kichwa changu kilipotoka njiani, na mpaka sasa hakijarudi sawasawa. Shomari akatoa simu, akampigia Zuhura, akaweka sauti ya kusikika na wote, akamweleza bibi yuko hapa na yule kijana keshachukuliwa. Badala ya kuniuliza nimefikaje Kanga, yule mtoto akapiga kelele, "Shomari, umemchukua shotistopu wangu?"

"Alikuwa hana mtu," Shomari akajibu. "Wewe ulikaa na mwenye goti kama unaatamia."

Kumbe kuna mchezo Amerika unaitwa besiboli. Mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa gongo, anakimbia kuzunguka vituo. Huyo shotistopu anasimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, adake mipira inayopita kasi. Wapo wanaodaka vizuri na gongoni hawana kitu. Wapo wapigaji wazuri, mpira ukija chini wanainama umeshapita. Anayejua vyote viwili anagombewa. Hawa wetu hawachezi. Wao wanakaa hapa kisiwani Mafia, kila mmoja anajichagulia watu wake kwenye simu, na mtu wake akipiga vizuri kule, yeye anahesabiwa alama huku ashindane na mwenzake; aliyekwisha chukuliwa na mmoja, mwingine hampati. Mgeni mmoja wa hoteli ndiye aliyewafundisha, akapanda ndege akaondoka, ugonjwa akatuachia.

"Mnajuaje atakayepiga vizuri?" nikauliza.

"Tunakadiria, bibi," Zuhura akasema kwenye simu. "Unatazama umri wake, miaka iliyopita alipiga vipi, ana mbio kiasi gani. Halafu unakisia mwaka huu atafika wapi."

"Na huyo wa miaka ishirini na mbili, alishapiga miaka mingapi?"

Zuhura akakohoa. "Huu ndio wa kwanza."

"Basi mnahesabu vidaka, vinazi vichanga," nikawaambia. "Kidaka kinapendeza mnazini. Nusu huangushwa na upepo kabla havijawa hata madafu."

Shomari akakunja uso. "Bibi, usinitie mkosi. Huyu hataanguka."

"Ataanguka," Zuhura akasema. "Wakishamzoea wanaomrushia, mwezi mmoja tu kapoa. Utanililia, nikuone."

Wakaanza kubishana juu ya mtoto wa watu asiyewajua, huyu chini ya mnazi, yule hotelini, kama wanagawana urithi. Bi Tatu alikuwa bado kasimama na kanga yake kiunoni.

"Subirini," akasema. "Goti ni la nani?"

"La mtu wa Amerika, mama."

"Anawajua?"

"Hata kidogo."

"Na Zuhura anamwacha nani?"

"Huyohuyo, mama. Mimi haniachi." Shomari akaiinamia simu. "Au unaniacha?"

"Nikikuacha nitamshinda nani?" akajibu Zuhura.

Bi Tatu akaifungua kanga kiunoni, akajitanda. Mimi nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Akanigeukia. "Mkwe," akasema, "ndoa iko palepale. Ila siku nyingine nikiumwa mimi, usije na uji. Njoo na habari kamili."

Nikashughulika na kifuniko cha chungu. (Mimi, ambaye nimemjibu kila mtu hapa kwetu Kilindoni.)

Bi Mwanaisha naye akasema hakuja Kanga kurudi na mafuta yake. Akamkamata Shomari, akamnyoosha mkekani, akamkanda goti zima lisilo na kitu mpaka kijana akaomba msamaha wa kosa asilolijua. Uji akaunywa Shomari huyohuyo. Bi Pili akauliza, "Na dua je? Mimi nimetawadha." Tukatazamana. Tukaona mgonjwa ni mgonjwa, goti ni goti, na huenda naye ana mama yake mahali. Basi tukainua mikono, wanawake wa Kilindoni na Kanga, tukamwombea mdaka mipira wa Amerika asimame tena. Wote tukaitikia amini. Shomari aliitikia kwa sauti ndogo sana, maana yule akipona atampatia Zuhura alama tena.

Jioni Zuhura karudi. Kanisalimu shikamoo huku kauma kanga asicheke. Nimeitikia marahaba bila kumtazama. Kashika simu, kasema, "Bibi, basi sasa namtoa yule wa goti, nitafute mwingine." Nikaita nyumba nzima isikie. Nimesema yule wa goti hatolewi na mtu. Tumeshamsomea dua. Atakaa kwenye simu ya Zuhura mpaka apone, na kama Zuhura atakuwa wa mwisho kwa alama, awe.