Mjapani wa Benchi na Mimi wa Benchi

Suna, Migori
12 Oktoba 1999

Ndugu Mhariri wa Michezo,

Pokea salamu kutoka Suna, ambako mvua ni nzuri na mpira ni mbaya.

Mimi ni Nicodemus Monari, mchezaji wa akiba wa Suna Shujaa. Hunijui, na hilo ndilo lalamiko lenyewe. Nakuandikia wewe kwa kuwa uko Nairobi, na bila shaka ofisi ya Intaneti haiko mbali na yako. Mfikishie mkubwa wa pale.

Kuna Mjapani anaitwa Takeo Mizuhara. Hachezi. Timu yake haijulikani hata na Wajapani, naye humo ndani ni wa akiba. Lakini mtu amemfungulia ukurasa kwenye Intaneti, na watu wa Brazili na Norwe wanamwandikia wakisifu jinsi anavyokaa. Okemwa, karani huko Nairobi, huchapisha kurasa hizo kwa mashine ya mwajiri wake na kututumia kwa basi. Sasa kinyozi wetu amembandika Mizuhara ukutani, na nasikia Kendu Bay kuna timu ya watoto yenye jina lake.

Malalamiko ni haya:

1. Anasifiwa kwa kukunja makoti ya wenzake. Mimi nakunja na kufua.

2. Anasifiwa kwamba hanuni. Mhariri, kiti chake kina mgongo na paa. Mimi nakaa ncha ya benchi la shule. Kocha Nyangau hukaa ncha ile nyingine, na akiinuka ghafla kumfokea refa, benchi linabinuka nami. Msimu huu nimeanguka kuliko straika wetu.

3. Sasa kila mtu anataka kuwa wa akiba. Juzi huko Homa Bay huyo straika, Boaz, alidai enka inamuuma, akaniambia nisogee. Nisogee wapi, jameni?

4. Hili ndilo linaloniuma. Mourine, dada yake Okemwa, ambaye tumekubaliana kuoana, amembandika Mizuhara kwenye kibanda chake cha mitumba. Ananiambia nijifunze subira kwake. Kuja uwanjani kunitazama nikikaa hajawahi. Anasema hakuna cha kutazama. Nampenda, Mhariri, na naogopa atanilinganisha na huyo mtu mpaka aniache.

Kwa hiyo naomba nifunguliwe ukurasa wangu. Nafasi ikikosekana, Mizuhara anikatie nusu ya wake. Hilo likishindikana, serikali yetu iiombe ile ya Japani imchezeshe mechi moja nzima, dunia ione kwamba ni mtu wa kawaida. Naambatanisha picha ya timu. Lile goti la upande wa kushoto ni langu.

Nisalimie wapiga chapa, dereva wa gari la magazeti, na yeyote hapo ofisini ambaye hajawahi kuitwa.

Wako mwaminifu katika akiba,
Nicodemus Monari

Tanbihi: Kabla sijapata stempu, Jumapili ilifika. Boaz alikataa kutoka benchi, kocha akaniita mimi. Mourine alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma ya goli. Niliugusa mpira mara moja tu, kwa kichwa, ukaingia pale pale aliposimama. Lilikuwa goli letu wenyewe, Mhariri, lile tulilokuwa tukililinda. Sasa jina langu linajulikana kuanzia Suna hadi Asumbi, na watoto wananiita nikipita. Mourine alinisindikiza nyumbani akiwa amenibebea viatu. Ukurasa sitaki tena, na picha ichome. Nitafutie tu anwani ya Mizuhara nimwandikie upesi: wakimwita, asiinuke.