Rubus Dume, Morum Jike

Jumatatu, 4 Machi
Leo akili imechemka mpaka nikaiogopa! Mama mkwe ametangaza: goti limemshinda, hasimamii tena kitalu chake cha miche. Atakayepata kazi ya kupanda bustani ya kanisani ndiye atakayekabidhiwa funguo. Ama mimi, ama shemeji yangu, yule anayemwagilia miche kama anabatiza. Maskini! Nampenda, lakini ameshakwisha.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kaandaa mawaridi. Mawaridi! Nani hana? Mimi nimezama nyuma ya choo, nikang'oa ule mti wa miiba wenye vitunda vyeusi ambavyo watoto hula bure. Machipukizi yake yakajaa makopo ishirini. Kinachouzika si mche, ni jina! Nina kamusi kuukuu ya Kilatini, nusu imeliwa na panya. Mle mna mchoro wa mti huohuo, na chini yake maneno mawili: Rubus na Morum. Nikachomeka vibao: makopo kumi Rubus, kumi Morum. Mke wangu kauliza mbona yote sawasawa. Nikamwambia huyu dume, huyu jike, wasipokaa wawili hawazai. Akasema Mungu anisamehe. Wivu wa elimu huo.

Alhamisi, 7 Machi
Padri mzee kaja na fimbo yake, mama mkwe pembeni. Nikahutubia ndoa ya Rubus na Morum mpaka mwenyewe nikalengwa na machozi. Padri kasoma kibao cha kwanza. Kasoma cha pili. Kaketi juu ya gunia la samadi, kacheka mpaka miwani ikadondoka. Akasema: mwanangu, hapa umeandika Kichaka, hapa Tunda. Mti ni mmoja! Tena umejaa ukutani kwangu, miaka mitatu natafuta wa kuung'oa. Mama mkwe akauliza, taratibu, kama yule jike ana mimba. Padri kachagua mawaridi, funguo kwa shemeji. Naye shemeji hakunicheka hata kidogo. Alikaa ananichomoa miiba vidoleni. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 9 Machi
Nani kaajiriwa kung'oa miiba ya padri? Mtaalamu! Shemeji mwenyewe kanipendekeza, ana roho ya dhahabu. Mikono imechanika, moyo unacheza ngoma. Maana chini ya ukuta nimeona majani yanayonuka hata mbuzi anayakwepa! Nikamwomba padri jina lake la Kilatini. Kakataa. Kanusa biashara, mzee yule! Basi nimelitunga mwenyewe. Na safari hii jina moja tu. Mtu hujifunza!