Mmarekani wa Testaccio

Jumatatu, 3 Oktoba 1966
Nimepata! Mimi, Nazzareno Cipolletti, mtoto wa muuza matumbo wa mtaa wa Testaccio hapa Roma, ndiye jasusi mkuu katika sinema ya mtayarishaji wetu mheshimiwa, Komendatore Vescovini. Ila Komendatore mwenyewe hajui. Yeye anajua kaajiri Brad Sterling wa Chicago. Mjerumani anayegharamia nusu ya sinema hataki kusikia habari ya jasusi Mtaliano. Basi nikavaa kofia, nikatafuna chingamu, Kitaliano nikakivunjavunja makusudi. Kiingereza changu ni kuhesabu tu, na kinatosha. Hapa studio tunapiga picha bila sauti. Mwigizaji anataja namba ili mdomo ucheze, maneno wanaingiza wengine baadaye. Dada yangu Ersilia anasema nitaumbuka. Wivu huo.

Jumanne, 4 Oktoba
Gualtiero Manfrin ananinusanusa. Anaigiza adui yangu, na nafasi hii alikuwa ameahidiwa yeye. Leo, tumbo limejaa tambi, kaniletea kahawa ya maziwa. Maziwa juu ya chakula cha mchana! Hapa Roma huko ni kujitakia kifo. Lakini Wamarekani eti hunywa. Meza nzima ikanitumbulia macho. Nikanywa yote, nikatabasamu. Tumbo linanguruma mpaka sasa. Nimemweza!

Alhamisi, 6 Oktoba
Mjerumani anakuja kesho. Akiridhika na Mmarekani wake, nasaini sinema tatu zaidi. Tatu! Sikumbuki lini nilitaka kitu hivi. Gualtiero kaniuliza Chicago nakaa mtaa gani. Nikamwambia ufukweni, upande wa bahari. Akacheka peke yake, akarudia "bahari ya Chicago!", akaenda zake. Kicheko kile sikukipenda hata kidogo.

Ijumaa, 7 Oktoba


Mjerumani alikaa pembeni ya kamera. Gualtiero akanielekezea bastola kwenye paji la uso, nami nimpe hotuba ndefu ya kishujaa. Nikaanza kuhesabu kwa Kiingereza, kwa sauti nzito. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba! Namba ya nuksi kwetu Waitaliano, bastola usoni, na siku yenyewe Ijumaa! Mrumi gani mwenye akili zake angeitaja? Nikairuka.

Gualtiero akashusha bastola. Akasema taratibu, "Karuka kumi na saba. Wamarekani wanaogopa kumi na tatu."

Mjerumani akauliza kuna nini. Komendatore, jasho likimchuruzika, akaamuru turudie.

Tukarudia. Nikaikaribia. Nikafumba macho, nikaitaja! Wazi kabisa! Ila mkono wangu wa kulia, bila ruhusa yangu, ulikuwa umeshazama mfukoni kushika ufunguo. Nuksi haiondoki bila kugusa chuma. Gualtiero akauvuta nje, watu wote wakauona.

"Sema ukweli, kaka," akaninong'oneza kwa upole. "Wewe ni wa Trastevere, siyo?"

Trastevere! Mtaa wa mahasimu wetu, ng'ambo ya mto! Mimi!

"Testaccio!" nikamjibu kwa kiburi, kwa Kirumi safi, kabla sijafikiri.

Mjerumani akachukua mkoba wake. Komendatore akamkimbilia mpaka getini huku analia. Mimi nikavuliwa suruali ya jasusi palepale. Nimeumia, sifichi. Nilipofika nyumbani nilijifungia, Ersilia akanisukumia supu mlangoni.

Jumapili, 9 Oktoba
Riziki haijafungwa! Baa ya jirani wanasema kuna mtayarishaji mwingine anatafuta jasusi. Anamtaka Mswidi. Ersilia ameshika beseni, mimi napaka dawa ya kugeuza nywele ziwe za njano, kichwa kinawaka moto. Ananiuliza Kiswidi najua neno gani. Hajui sinema huyu! Nikamwambia, maneno ya nini? Namba tu, na hizo nitajifunza kesho asubuhi. Akasema sina nilichojifunza. Si kweli. Kosa langu nimelikalia chini nimelichambua, nimeliona lilipo. Safari hii nitahesabu kuanzia kumi na nane.