Mbuzi Aliyezaa Ngamia

Jumatatu, 3 Novemba
Ayeeyo Osob, mama yake baba, ameletwa mjini. Presha. Daktari anataka akae hapa Garissa. Yeye anataka kurudi Balambala Ijumaa. Kisa ngamia: nani atakumbuka kila mmoja na mama yake, na mama ya mama yake? Nina mpango. Nitaandika programu ya kuwakumbuka. Hatakuwa na sababu ya kuondoka! Binamu Mustafe amesema mimi hata viatu vyangu msikitini sivikumbuki. Wivu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeunda aina inayojirejelea, yaani sheria ambayo kompyuta huikagua: kila mnyama lazima awe na mama anayefuata sheria hiyohiyo, na mama huyo naye vivyo hivyo, kurudi nyuma hadi mwanzo wa ukoo. Kisha nikaijaribu. Nikaandika makusudi kwamba mama ya ngamia ni jiwe. Kompyuta ikakataa hata kabla programu haijaanza. Skrini nzima nyekundu. Ndicho nilichotaka! Nikapiga makofi. Ayeeyo akauliza mbona kitu hiki kinanigombeza. Nikamweleza kwamba kikikataa kosa langu, nimefaulu. Akanitazama kwa huruma, akaenda kunichemshia chai.

Jumatano, 5 Novemba
Mama ni sufuria: imekataa. Mama ni Mustafe: imekataa. Siku tamu! Mustafe amemwambia Ayeeyo kwamba hata mashine imenichoka. Ayeeyo akamjibu kwamba yeye Mustafe hata wa kumchoka hana.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa. Nimeandika ngamia, mama yake mbuzi. Imekubali! Hakuna hata neno moja jekundu. Kosa nimeliona. Nilidai mama awe mnyama anayefuata sheria. Mbuzi anaifuata. Sikudai popote awe ngamia. Mustafe, aliyekuwa nyuma yangu, akamsomea Ayeeyo kwa sauti. Ayeeyo akacheka hadi akashika mlango. Akaniuliza huyo mbuzi maskini alijifungua vipi, na ndama alinyonya amepiga magoti? Mzigo wake umeshafungwa.

Ijumaa, 7 Novemba
Amebaki! Amefungua mzigo mwenyewe. Amemwambia Mustafe kwamba ngamia wana wachungaji, lakini huyu mtoto anagombezwa kutwa, na akiachwa peke yake anaamini mbuzi huzaa ngamia. Nani atamfundisha? Baada ya swala amekaa ubavuni mwangu, mkono begani, ananitajia ngamia wake, mama kwa mama. Sikutaka amalize.
Kwa hiyo programu imefanya kazi. Nilijua! Dada yake Ayeeyo, Timiro, bado anang'ang'ania kubaki kijijini Diff kwa sababu ya mbuzi wake. Kesho naanza yake. Jaribio la kwanza: mbuzi, mama yake kuku.