Pua ya Pikipiki ya Mjomba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si padri, si Ritah. Nataka kuwa fundi wa pikipiki. Na si pikipiki nzima. Sehemu ya mbele tu. Shokapu! Ile mirija miwili inayoshika gurudumu la mbele, yenye springi na mafuta ndani. Wenzangu tuliomaliza nao sekondari wanaota wachumba. Mimi naota shokapu.

Aibu kubwa. Naandika huku nimefunika ukurasa kwa mkono, na chumbani niko peke yangu.

Sasa kuna haraka. Mama ametangaza kwamba nisipopata mahali pa kujifunza kazi kufikia Jumapili, Jumatatu napanda basi kwenda Gulu kwa Shangazi Norah, nikashone sare za shule. Nikasema sawa, Mama. Mimi husema sawa kwa kila jambo. Ndiyo shida yangu.

Gereji ninayoitaka ni ya Fundi Lagu, pale Custom, karibu na steji ya boda. Nilikwenda leo. Nikasimama mlangoni. Akainua kichwa. "Ya biniya, wewe binti, iko shida gani?" Maneno yakagoma. Nikasema natafuta kanisa. Akanionyesha kwa spana, kisha akaendelea kunitazama kuona kama nimeelewa, kwa hiyo ikabidi niende. Ndani walikuwa na mazoezi ya kwaya. Nimeandikishwa sauti ya pili.

Jumanne, 4 Februari

Mpango! Sitamwomba Fundi kwa mdomo. Kazi yangu itaniombea.

Mjomba Erifazi, kaka yake Mama, anaendesha boda. Akikaza breki, pua ya pikipiki yake inazama mpaka abiria anamkumbatia bila kupenda. Mama anaoka keki za harusi hapa nyumbani Malakia, na Mjomba ndiye mpelekaji. Keki ya mwezi uliopita ilifika mtaa wa Hai Amarat imeinama kama inasikiliza umbea. Jumamosi ni harusi ya Lilly, mpwa wa Fundi Lagu mwenyewe! Keki ya ghorofa nne! Nitaimarisha shokapu kwa siri. Keki itafika imenyooka. Fundi atauliza nani kafanya hii kazi, nami nitajitokeza. Nitajitokeza vipi, sijui bado. Labda nitakaa mahali ninapoonekana.

Nimetazama video ya bwana mmoja mwenye ndevu mpaka simu ikawa moto. Anasema ukitaka pua isizame, ongeza kipande cha bomba juu ya springi ili ikae imebanwa, halafu tia mafuta mazito kuliko ya zamani. Basi! Rahisi.

Ritah, binti wa Mjomba, alichungulia. Sasa amewatangazia wote kwamba Flavia anaangalia wanaume wenye ndevu. Sikukanusha. Afadhali ndevu kuliko ukweli.

Jumatano, 5 Februari

Mjomba hulala baada ya chakula cha mchana, wakati jua linapowakalisha hata inzi. Nikaingia kazini.

Bomba nimelikata chini ya sinki la Mama. Vipande viwili, sawasawa kabisa, nimevisugua mpaka vinang'aa. Sasa anayeosha vyombo anaosha na miguu.

Kisha nikafungua kifuniko cha shokapu ya kwanza. Yule bwana alisema fungua taratibu. Sikujua taratibu yake ni ipi. Springi ikaruka! Ikavuka ukuta! Ikatua kwenye sufuria ya maharage ya Mama Zilpah, jirani yetu. Akapiga magoti palepale akaanza kuomba. Nikaenda, nikanyoosha mkono. Akanipa springi, akanipa na bakuli la maharage, akaniombea na mimi.

Mafuta ya zamani nimeyamwaga. Meusi, mepesi kama chai ya rangi. Sasa mazito yatoke wapi? Dukani yapo, lakini muuzaji huuliza unataka ya namba gani, tena mbele ya watu. Siwezi. Nikageukia jikoni. Mafuta ya kupikia: mepesi. Asali: imeisha. Halafu nikaliona kopo la dakwa, karanga alizosaga Mama kwa ajili ya kuunga mboga. Nikalipindua. Dakwa haikuanguka. Uzito gani huo! Yule bwana kwao hawana dakwa, ndiyo maana anahangaika na namba.

Kopo zima limeingia, nusu huku, nusu huku. Nimefunga, nimefuta. Hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi wa Mama Zilpah.

Alhamisi, 6 Februari

Ushindi!! Mjomba alitoka alfajiri akarudi kunywa chai anaimba. Anasema pikipiki imepata adabu. Akikaza breki, pua imetulia kama mkwe mpya ukweni. Ameipitisha kwenye mashimo yote ya Custom na hata kofia haikusogea. Akauliza nani kaigusa.

Wakati wangu! Nikafungua mdomo. Nikafunga. Nikamwongezea chai.

Ritah akadakia: "Ni mimi, Baba. Niliifuta jana, nikakazakaza vitu."

Vitu! Mjomba akamkumbatia. Mama akasema huyo ndiye mtoto wa kazi. Mimi nilikuwa nimeshika birika.

Jioni Mjomba karudi bila wimbo. Kuanzia mchana, anasema, pua ilianza kuzama tena. Tena kila akiendesha anasikia harufu ya chakula. Anadhani ni njaa, amekula sahani mbili.

Ijumaa, 7 Februari

Nimechunguza. Asubuhi shokapu ni ngumu kama jiwe. Mchana ni uji. Dakwa inalainika juani! Na keki inaondoka saa saba mchana.

Kuna jingine. Dakwa imeanza kupenya kwenye sili, ile mipira inayozuia mafuta yasitoke. Mbuzi wanailamba. Leo Mjomba amezingirwa nao pale steji. Abiria mmoja akashuka kabla hajakaa vizuri, akasema yeye hapandi pikipiki yenye mifugo, ina jambo.

Nimepata dawa. Baridi! Nina soksi ndefu za shule, zile nyeupe. Kesho nitazijaza barafu na kuzifunga kwenye shokapu. Na wanasema shule haina faida.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya harusi. Shokapu nilizivalisha soksi kabla watu hawajatoka. Mjomba akauliza hizi soksi za nini. Ritah akasema kaziweka yeye, ni pambo la harusi. Akapanda nyuma, keki mapajani. Mimi ilibidi nitangulie, kwa sababu kwaya inaimba. Ndiyo, kwaya ile. Nina sare.

Nilikuwa nimepangwa safu ya nyuma uani mwa hoteli nilipomwona Mjomba anakuja. Soksi zinaning'inia, tupu, zinadondosha maji. Nyuma yake mbuzi. Si wa Mama Zilpah tu. Wa Malakia yote.

Akakaza breki langoni. Pua ikazama. Ikaendelea kuzama. Ikakaa kitako! Sili zikapasuka, dakwa ikaruka kulia na kushoto, na viatu vyeupe vya bwana harusi vikawa vya kahawia. Keki ikamteleza Ritah, ikapanda bega la Mjomba kama abiria mwenye haraka, ghorofa tatu zikaenda kwa mbuzi. Ya nne, pamoja na maharusi wake wa plastiki, ikatua juu ya taa ya mbele. Imenyooka! Naomba hili likumbukwe. Imenyooka kabisa.

Nikaendelea kuimba. Hakuna aliyeniambia niache.

Fundi Lagu akavua koti. Akachuchumaa, akachovya kidole, akaonja. Harusi nzima ikasogea kuona.

"Dakwa," akasema. Akaonja tena. "Iko na chumvi."

Akaazima spana, akafungua mirija palepale, akatoa vile vipande vyangu vya bomba. Akavigeuza juani, akavilinganisha. Akasema aliyekata hivi ana mkono mzuri, na aliyetia dakwa hana akili hata ya kuku, na kumbe ni mtu mmoja! Huyo mtu aje gereji kwake Jumatatu, aanze kwa kuosha hizi shokapu, na hatoki mpaka awe fundi. Nani?

Watu wote wakamtazama Ritah.

"Si mimi!" akalia. Mjomba akamkumbusha: "Si wewe ulisema ulikazakaza vitu? Na soksi je?"

Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikatoka kwenye safu. Nikasema, "Ni mimi." Sauti ilitoka. Ndogo, lakini ilitoka.

Fundi akanikazia macho. "Huyu si yule alipotea, anatafuta kanisa?"

Wakacheka mpaka wapiga ngoma. Mjomba akasema Flavia hawezi hata kuomba chumvi mezani, atafungua shokapu? Nikasema tena, ni mimi, wallahi. Mama akanivuta kifuani huku analia. "Banange, mtoto gani huyu! Anataka kumbebea binamu yake makosa!" Mwalimu wa kwaya akasema amina. Nimepigwa picha na maharusi.

Jumapili, 9 Februari

Nimetajwa kwenye mahubiri kama mfano wa upendo. Ritah, nyumbani, analilia kucha zake, maana kesho anaanza gereji. Nilimwambia twende kwa Fundi, tuseme kweli. Akakataa. Anasema akibadilisha maneno tena ataonekana mwongo.

Mama anasema kwa roho hii nzuri Shangazi Norah atanipenda sana. Nikasema sawa.

Jumatatu, 10 Februari

Niko ndani ya basi, Custom. Halijaondoka. Kutoka dirishani naiona gereji. Ritah amevaa ovaroli. Ameshika shokapu kichwa chini na Fundi Lagu anaigeuza. Nilitaka kupiga kelele. Nikapunga mkono. Ritah akapunga pia, kwa tambara.

Nimelia kidogo. Halafu nimeacha, kwa sababu Mama, wakati wa kuagana, ameniambia jambo. Cherehani ya Shangazi inatembea. Akikanyaga pedali, inaanza kushona dirishani na kumaliza gauni mlangoni. Mafundi wa Gulu wameshindwa.

Mimi nimeshaelewa. Haina shokapu! Ina miguu minne. Kila mguu kipande cha bomba, springi, na kitu kizito ndani. Kosa la wiki iliyopita halikuwa wazo. Lilikuwa karanga. Karanga zinalainika juani, lakini dakwa ya simsim, yaani ufuta, haiwezi, nina hakika. Kopo la simsim iliyosagwa liko kwenye mkoba wangu, chini ya sare ya kwaya. Bomba pia ninalo. Mama atagundua halipo leo akifungua maji.

Basi limewashwa. Wewe unayesoma, nimekuamini. Usimwambie Mama. Usimwambie Shangazi. Na Gulu ukikutana na mbuzi anakuuliza habari zangu, geuza uso upite.