Ombi la Ndevu Themanini na Nne kwa Kijiji cha Kolpamayo

Kolpamayo, milimani,
wiki tatu kabla ya kupanda viazi

Mtukufu Naibu wa Mfalme, uliyeko Lima,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umenyolewa vizuri. Ukitaka kutujulia hali, sisi tu wazima, isipokuwa haya yafuatayo.

Mimi ni Anselmo Wallpa, jumbe wa Kolpamayo kwa idhini ya Mfalme na kwa uvumilivu wa mke wangu. Kuandika nilifundishwa Kuzko, katika shule ya watoto wa majumbe, ili niweze kusoma amri. Hawakunikataza kujibu, kwa hiyo nakuandikia.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mtukufu, sisi hatukulia. Tulikuwa tunazibua mfereji wetu wa maji, kila mtu na jembe lake, ndipo Liwali wa wilaya yetu, Don Baltasar de Urrechu, alipotokea na nyumbu kumi na wawili. Akatugawia nyembe themanini na nne, mmoja kwa kila mlipa kodi, wajane wakiwemo. Kila mmoja ametakiwa kuulipia wembe wake lama wawili, wanyama wetu wa sufu na mizigo, kabla ya kupanda. Malalamiko yangu nimeyapa namba, maana nasikia huko Lima hakisomwi kisichokuwa na namba.

1. Hatuna ndevu. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujidharau. Ndivyo Mungu alivyotuumba watu wa milima hii. Nisije nikaidanganya Serikali, nilipita nyumba hadi nyumba nikikagua videvu. Zilipatikana nywele tatu, zote za Bibi Pascuala, mjane wa miaka sabini na kitu. Nilimwuliza kama angekuwa radhi kuzinyoa kwa manufaa ya ufalme. Akanijibu, "Wee Anselmo, hizi nimezilea mwenyewe. Hebu nenda kamnyoe huyo aliyekutuma!" Nimeona niliandike jibu lake kama lilivyo.

2. Wembe huu, naambiwa, ulifuliwa ng'ambo ya bahari, ukapanda merikebu, ukashushwa bandarini, ukabebwa na nyumbu hadi huku kwenye baridi. Umetembea kuliko mtu yeyote wa Kolpamayo. Padri wetu hutueleza kwamba wazee wenu walivuka bahari kutafuta bizari na pilipili, wakapotea njia, wakatukuta sisi, na tangu siku hiyo sisi ndio tuliogunduliwa. Sina ugomvi na hilo. Mgeni aliyepotea hukaribishwa. Ila naomba kuuliza: katika mashaka yote hayo ya safari, hakupatikana hata mtu mmoja wa kuuliza kama huko mwendako kuna kidevu chenye nywele?

3. Wazee wetu wameongezewa miwani, nayo kwa malipo. Mzee Gregorio Ticona humwona lama akiwa mlima wa pili, na akakutajia na jina lake. Alipovaa miwani alitumbukia mferejini. Liwali akamwambia, "Vaa tu, mzee, utazoea." Mzee akauliza kwa adabu zote, "Nizoee nini, bwana, mfereji?"

4. Nilimwendea Liwali, kofia mkononi, nikamweleza kwamba bidhaa ni nzuri lakini hatuna haja nazo. Alicheka, akanipigapiga begani. "Jumbe, biashara ni watu wawili. Mimi nauza, wewe unanunua. Hesabu mwenyewe." Nikahesabu, na kweli tulikuwa wawili. Lakini nyuma yake walisimama askari sita ambao yeye hakuwahesabu.

5. Hili ndilo linaloniuma, na hapa sitanii. Shemeji yangu Melchor, mume wa dada yangu Ignacia, ni mtu wa mzaha tangu utotoni. Siku ya kugawa nyembe alipaza sauti uwanjani, "Bwana Mkubwa, si ungetuletea na ndevu basi, tukulipe vyote kwa mpigo!" Kijiji kizima kiliangua kicheko. Hata askari mmoja alicheka. Liwali hakucheka. Melchor amefungiwa bondeni, katika karakana ya Liwali ya kufumia sufu, siku ya thelathini na nane leo. Anakohoa. Ignacia humpelekea viazi vikavu akavipenyeza chini ya mlango. Ana mimba ya miezi saba.

Ufunguo wa karakana Liwali huuvaa shingoni kwa kamba, kanisani na mezani. Amesema ataufungua mlango nyembe zote zikishalipiwa. Sasa fikiri nami, Mtukufu. Lama wakichukuliwa, hapana wa kubeba mbolea wala mbegu. Tusipopanda, hapana kodi. Na Mfalme akikosa kodi, merikebu za kutuletea nyembe atazitengeneza kwa fedha gani? Unaona jinsi ninavyomwonea Mfalme uchungu.

6. Baada ya kufikiri sana nimetambua kwamba Melchor alisema kweli, na kosa ni letu. Bidhaa haina kasoro. Wenye kasoro ni wanunuzi. Kwa hiyo naomba ofisi yako ituletee ndevu themanini na nne. Nasikia huko Hispania zimejaa tele, hadi watu hulipa ili waondolewe. Ziwe nyeusi, maana nyekundu zitawatisha lama. Bibi Pascuala apewe ndogo, anazo za kuanzia.

Najua ndevu zitataka sabuni, sabuni itataka kioo, kioo kitataka ukuta ulionyooka, na kila kimoja kitakuja na askari wake sita. Nadhani hivyo ndivyo ufalme unavyokua: huletwa dawa kwanza, ugonjwa hufuata. Sisi tu tayari kuugua. Ila Melchor atoke kwanza, kabla mtoto wake hajazaliwa.

7. Nafasi hii nimekuachia kwa ajili ya jibu lako.

Nisalimie mkeo, watoto, kinyozi wako, na makarani wako wote, hata yule atakayeipoteza barua hii. Mke wangu anakusalimu. Padri naye anakusalimu, ingawa hajui. Bibi Pascuala amekataa kukusalimu, nami nakuomba radhi kwa niaba yake.

Wako mtiifu, kwa kadiri ya lama waliobaki,

Anselmo Wallpa
Jumbe wa Kolpamayo

Nyongeza: Kabla sijaikunja barua hii amefika tarishi wa Liwali. Don Baltasar yuko njiani kuja kukusanya lama, na kesho asubuhi atakuwa hapa. Kinyozi wake ameshindwa na milima, amebaki bondeni akitapika, na Liwali ana siku tano hajaguswa kidevu. Tarishi anasema, "Jumbe, bwana anawashwa hadi hakaliki. Anauliza, jamani, huko kwenu hakuna mtu mwenye wembe?"

Mtukufu, tafadhali yafute malalamiko yangu yote, kuanzia namba moja. Ndevu usilete, zinakuja zenyewe. Na nyembe si hasara hata kidogo, nilikosea, zilikuwa zinangoja wakati wake tu. Watu themanini na watatu wamejitolea kumnyoa. Wa themanini na nne yuko karakana. Jiwe la kunolea linapita nyumba hadi nyumba, na Bibi Pascuala ameomba awe wa kwanza. Mzee Gregorio atamfuata, na kwa heshima ya mgeni amekubali kuvaa miwani.

Liwali tutamkalisha uwanjani, kwenye kiti cha Padri, tumwombe ainue kidevu ili tuifikie vizuri ile kamba. Askari wake ni wale wale sita. Safari hii nimewahesabu. Ignacia ameshafunga shuka na chakula cha njiani, amekaa mlangoni anangoja ufunguo.

Nakuarifu mapema kwa heshima tu, wala si kwa jambo jingine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.