Kuhusu Mwalimu Odoyo na Mistari Yake Inayokutana

Thadeus Nyasani,
Mjenzi, na Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi wa Shule,
Kenyenya.

Kwa Bwana Ondieki, Mwalimu Mkuu.

Bwana Mwalimu Mkuu,

KUH: OMBI LA KUKOMESHA SOMO LA KUCHORA MAJENGO KATIKA SHULE YETU

Pokea salamu za mzazi mwenye afya njema na hasira tele. Ningekuja ofisini mwenyewe, lakini mke wangu amenikumbusha kwamba kwa barua mtu hawezi kumkamata mwenzake kola. Basi naandika.

Jambo lenyewe ni Mwalimu Odoyo, yule wa Sanaa aliyeletwa kwetu muhula uliopita kutoka kule ziwani. Sina ubaya na watu wa ziwani, Mungu ni shahidi. Fundi wangu wa mabati, Ouma, ni wa huko huko, na samaki wao nawala bila kinyongo. Tulipompokea Odoyo tulijua atawafundisha wasichana kuchora vyungu, maua, na labda kuku akiwa ametulia. Kumbe! Mtu mzima mwenye shahada anawapanga wasichana wa kidato cha tatu kwenye korido, anawaamuru wafumbe jicho moja na kunyoosha penseli mbele kama wanaolenga swara, kisha anawaambia kwamba mstari wa dari na mstari wa sakafu, ambayo mimi niliijenga isikutane hata siku ya kiama, huko mbele inakutana. Inakutana wapi? Kwenye nukta moja anayoiita kitone cha upeo. Nimeitembea korido ile mara mia mbili. Hicho kitone sijakikanyaga.

Eti ndivyo jicho linavyoona: kilicho karibu kikubwa, kilicho mbali kidogo. Hongera kwake. Sisi wengine tulidhani kitu kikiwa mbali kiko mbali tu, unakiendea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amenifanya mwizi wa shamba. Kama ujuavyo, marehemu baba alitugawia shamba kama kila mtu wa huku: kipande kirefu chembamba kutoka barabarani hadi mtoni, changu na cha ndugu yangu Momanyi sambamba, upana ule ule juu na chini. Binti yangu Abigael, mwanafunzi wako, alipewa kazi ya nyumbani. Akasimama barabarani, akachora nyumba ya Momanyi na kipande chake chote mpaka mtoni. Huku barabarani kina upana wa kufanyia harusi. Kufika mtoni ni kamba ya kiatu! Momanyi aliiona picha hiyo siku ya wazazi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka tisa amekuwa akinung'unika kwamba nilisogeza mche wa mpaka kule chini. Aliipiga ile picha kwa simu, akaipeleka ofisi ya ardhi, akasema mtoto hana siasa, mtoto amechora alichokiona. Afisa aliigeuza juu chini, akaigeuza tena, akasema atahitaji wiki mbili. Kwa hesabu za Odoyo, ndugu yangu akifika mtoni atalima kwa kijiko. Nami nikipita sokoni siku hizi watu wanashika mifuko yao.

2. Amenipunguza. Abigael alichora sebule yetu akiwa amesimama mlangoni. Mbele kabisa, mezani, kuna thamosi ya chai. Mimi, mwenye boma, niko nyuma kwenye kiti changu chini ya kalenda, na thamosi imenizidi urefu mara tatu. Siku hiyo hiyo ya wazazi mama mmoja aliuliza huyo mtoto aliyekalia kiti cha mzee ni wa nani. Nilipomfuata Odoyo, alinijibu kwa adabu zote kwamba nikitaka kuwa mkubwa nisogee karibu na mlango. Jameni! Baba wa watoto saba akakae mlangoni na kuku?

3. Hili naliandika kwa aibu. Odoyo si wa kwetu, huenda hajui chinsoni, lakini wewe Ondieki unajua heshima hiyo: mwana akishaoa, baba haingii nyumbani mwake. Kifungua mimba wangu ameoa mwaka wa sita huu na kizingiti chake sijakivuka. Nikiwa na neno naye nasimama uani, nakohoa. Sasa Abigael aliambiwa achore chumba chenye mlango wazi. Akachora cha kaka yake, kitanda, shuka la maua na yote, na Odoyo akaitundika picha ukumbini ile siku ya wazazi. Nikaisogelea bila kujua. Ubaya wa picha za Odoyo ni kwamba mistari yenyewe inakuvuta. Unatazama mlango, kufumba na kufumbua uko ndani. Niliposoma maandishi ya chini, kwamba ni nyumba ya kaka yake, nilikuwa tayari nimeshazunguka kitanda. Nimewauliza wazee kama nimekosa. Wamesema kosa la mguu wanalijua, na mbuzi wake wa faini wanamjua, ila la jicho hawajawahi kuletewa. Wamekaa vikao viwili kulijadili. Vyote viwili wamekula kwangu.

4. Sasa tufike kwenye bweni. Mwezi uliopita Odoyo alilitoa darasa zima, wasichana thelathini na wanane, akawaketisha kwenye nyasi mbele ya bweni jipya nililolijenga mimi pale mteremkoni chini ya jikoni, ambalo wasichana tisini na sita watahamia muhula ukifunguliwa. Wakachora. Mistari ya paa ikaenda kwenye kitone, ya madirisha ikaenda, ya msingi ikaenda. Pembe za kuta, ambazo kwa sheria ya Odoyo lazima zisimame wima, zikasimama, isipokuwa ile ya upande wa chini. Hiyo ikainama kuelekea bondeni, katika karatasi zote thelathini na nane. Odoyo akawaambia wafute, warudie. Wakarudia, ikainama tena. Abigael alirudia mara tano mpaka akalia, ndipo Odoyo akaandika chini ya picha yake kwamba mchoro uko sawa, amuulize aliyejenga.

Aliyejenga! Mtoto niliyemzaa akaniuliza mezani, mbele ya mama yake, nikiwa na tonge la ugali mkononi, kwamba baba, ukuta wa bweni mbona umelala? Tonge nililirudisha kwenye sahani.

Bwana Ondieki, najenga mwaka wa ishirini na sita huu, na najenga kwa jicho. Lalit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kisii mjini, kila nikienda kununua misumari ananionyesha timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Kila mara namwambia timazi ni ya walionyimwa macho. Vibanda vya soko la Birongo nilivijenga kwa jicho, na vingi bado vipo. Kuhusu ufa unaosemwa wa bweni, ufa ulikuwepo na niliuziba, maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliuziba Pasaka. Nikauziba Juni. Nikauziba wiki jana. Wahenga wanataka nini tena kwangu? Na ile milango ya upande wa chini inayojifunga yenyewe bila kuguswa, ambayo Odoyo amewaonyesha wasichana kana kwamba ni ushahidi, hoteli kubwa hutafuta milango ya namna hiyo. Nyinyi nimewapa bila kuombwa, na shukrani yangu ndiyo hii.

Basi naomba yafuatayo yatendeke haraka. Odoyo arudi kwenye vitu vya mviringo, kama chungu, chungwa na kabichi, vitu visivyo na pembe wala fitina. Mwanafunzi yeyote asikaribie jengo akiwa na penseli iliyochongwa. Michoro yote thelathini na minane ichomwe mbele ya Kamati ya Ujenzi, ambayo mwenyekiti wake ni mimi. Na kuanzia sasa jengo lichorwe na aliyelijenga peke yake, kwa sababu ndiye tu anayejua alikusudia liweje. Hawa ni watoto wa miaka kumi na sita. Leo wanaona ukuta umeinama. Kesho watatazama barabara, kesho kutwa daraja, halafu zahanati, na wakishamaliza majengo watatutazama sisi wenyewe. Hakuna nchi inayoweza kuendeshwa hivyo, na wanaoiendesha hii watakubaliana nami.

Tena nikuulize kwa heshima: karatasi thelathini na nane zinasema ukuta umeinama, na ukuta wenyewe haujasema neno. Wewe kama msomi unamwamini nani?

Nisalimie naibu wako, wapishi, mlinzi wa lango, na Bi Tryphosa wa ofisini aliyenipa bahasha hii. Hata Odoyo mpe salamu zangu, lakini msalimie kwa mbali, ili zimfikie zikiwa ndogo.

Ni mimi mzazi mtiifu, na mjenzi wenu asiyetikisika,

Thadeus Nyasani

TANBIHI: Abigael ameandikiwa kitanda katika bweni jipya, upande wa chini. Nakuomba umwache kule bweni la zamani, na usimwambie kwamba nimeomba mimi. Jana mvua ilinikuta pale kwenye bweni jipya. Nilitaka kuuegemea ukuta nijikinge chini ya paa, nikashindwa, nikasimama uwanjani nikalowa mpaka mifupani. Wenzake wakiuliza kwa nini yeye peke yake amebakizwa, waambie... La, usiwaambie kitu. Wabakize wote tisini na sita. Ondieki ndugu yangu, mtoto wa mtu asilale mle. Lifunge kwa kufuli, ufunguo ukae nao wewe, na hata nikija mwenyewe kuudai kwa ukali, usinipe.